Mshumaa Niliomwambia Kabula Aulinde

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la nje ya chumba cha kusafishia vidonda, na mwanao yuko ndani anafunguliwa bandeji, sogea kidogo nikae. Benchi hilo nalijua. Najua unavyohesabu vigae vya sakafu ili usisikie kilio, na unavyokisikia hata hivyo. Nilikaa hapo tangu mvua za Januari mpaka watu wakaanza kuvuna pamba. Wenzangu waliniona mzazi aliyepatwa na bahati mbaya, wakanipa pole, nami nikazipokea. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilizipokea.

Naandika sasa kwa sababu mabaya yamepita na vidole vyangu vinaweza kushika kalamu. Mimi si daktari, na sitakueleza habari za ngozi na matabaka yake. Nitakueleza nilipokosea, maana hata mimi ilinichukua miezi kulielewa kosa lenyewe.

Nilikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu Mwakitolyo kwa miaka kumi na moja. Familia yangu iliishi Kagongwa, ambako mke wangu anauza mchele, na mimi nilikuwa nikirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili tatu. Tuna mtoto mmoja, Kabula. Alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana tukampa jina hilo, kama Wasukuma wote wanavyofanya. Wakati wa haya ninayosimulia alikuwa na miaka saba.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Chini kwenye duara, yaani lile shimo tunalochimba, mshumaa si taa. Taa tunavaa kichwani. Mshumaa tunausimamisha juu ya jiwe utuambie habari za hewa. Ukiwaka wima, gonga tindo yako. Ukianza kulegea, kusanya vyombo. Ukizimika, usiulize swali wala usitafute kiatu, panda juu. Mzee Masanja, aliyenifundisha kazi, alikuwa akisema, "Mshumaa ndiye mlinzi wetu, na mlinzi naye lazima alindwe." Basi tulikuwa tukiukinga kwa viganja upepo wa mashine ya kusukuma hewa usiupulize, tukiuangalia kama mtu anavyoangalia mgonjwa. Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kuogopa mshumaa unaowaka. Niliogopa uliozimika tu.

Lakini kwenye duara hakuna pazia. Hakuna godoro, hakuna chandarua, hakuna mtoto aliyevaa sweta la nailoni. Kuna mawe na tope na magogo yaliyolowa. Hilo sikuwahi kulifikiria hata siku moja.

Kila nilipokuwa nyumbani umeme ukakatika, mimi na Kabula tulikuwa na mchezo wetu. Tunaingia chini ya meza, ndilo duara letu. Mimi nachimba kwa kijiko, yeye analinda mshumaa. Nikipuliza kwa mbali ukazimika, yeye anapiga kelele, "Panda juu!" na sote tunakimbilia kitandani tunacheka. Mama yake alikuwa akisema, "Baba Kabula, utamfanya huyu mtoto awe mchimbaji." Nami nilijibu kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, nikajiona baba hodari anayemrithisha mwanawe ujuzi.

Siku yenyewe mvua ilianza alasiri na umeme ukaondoka nayo. Mke wangu alikuwa mashineni kukoboa mpunga na mvua ikamzuia huko. Ilipofika saa moja jioni niliwasha mshumaa, nikadondosha nta juu ya mfuniko wa ndoo ya plastiki, nikausimamisha pale, karibu na kitanda. Upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango. Simu yangu ikaita. Alikuwa mwenzangu wa Mwakitolyo, na kwa kelele za mvua kwenye bati sikumsikia kitu. Nikasimama ili nitoke barazani kwa jirani, ambako mtandao unashika.

"Kabula," nikamwambia, "linda mshumaa. Usizimike mpaka nirudi."

"Sawa, Baba."

Nilisema narudi sasa hivi. Mwenzangu alikuwa na habari tamu, kwamba kwenye duara letu mwamba umeanza kuonyesha dhahabu, nami nikataka kujua umeonyesha kiasi gani, na nani alikuwepo, na nani ameshajua. Niliongea mpaka chaji ikaisha. Hata ilipoisha nilibaki nimesimama pale barazani kidogo, nikijenga nyumba ya vyumba vinne kichwani mwangu.

Kilichotokea ndani alinieleza mwenyewe baadaye sana. Upepo ulivuma, moto ukalala. Akaweka viganja kama nilivyomfundisha, havikutosha. Akaogopa utazimika. Basi akachomoa upande wa chandarua uliochomekwa chini ya godoro, akauzungusha kwa mshumaa na kwake mwenyewe, kama hema, ili upepo usipite.

Nilisikia akiniita. Nilipoingia, chandarua kilikuwa kinayeyuka na kumdondokea begani na shingoni. Nilikishika kwa mikono miwili nikakivuta. Chandarua kikiyeyuka hakishikiki, kinakushika wewe. Nilimfunika kwa gunia lililolowa lililokuwa mlangoni, moto ukafa. Kitanda hakikuungua hata kidogo. Mtu angeingia asubuhi yake angedhani hapakuwa na moto mkubwa.

Majirani walikuja. Mama Neema wa nyumba ya pili alileta dawa ya meno, mwingine mayai. Nami, mtu mzima mwenye akili zangu, nikampaka mwanangu dawa ya meno shingo nzima, yeye akipiga kelele mimi nikidhani inamtuliza. Maji ya mvua yalikuwa yanamwagika bure kutoka bati zima, masafi na ya baridi, na sisi tuko ndani tunakamua mrija wa dawa ya meno! Baadaye muuguzi aliniambia maji hayo ndiyo yaliyokuwa dawa. Mshike mtoto chini ya maji yanayotiririka, dakika ishirini, kisha mfunike kitambaa safi uende hospitali. Basi. Wala mayai, wala asali, wala mafuta. Kitu chochote ulichokipaka wewe kwa huruma, lazima mtu mwingine akikwangue.

Hospitalini nilimwona mtu huyo akikikwangua. Aliitwa Sista Leah, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na alifanya kazi hiyo huku akimwimbia Kabula wimbo wa kuhesabu. Alipomaliza alivuta faili.

"Baba, ilikuwaje?"

Mikono yangu ilikuwa imefungwa mpaka kwenye viwiko. Kabula alikuwa amelala kwa ubavu, macho yake yananitazama mimi. Nikasema, "Alikuwa anachezea mshumaa, Sista."

Nilisikia kalamu ikiandika. Kabula alifumba macho.

Mama yake alifika kesho yake asubuhi, nguo zikiwa bado na pumba za mpunga. Nikamwambia yale yale, maana uongo ukishaanza kutembea huwezi kuurudisha. Akalia, kisha akamwinamia mtoto. "Kabula! Nimekukataza mara ngapi kuchezea moto? Mara ngapi?" Mtoto akasema, "Nisamehe, Mama." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, hatua mbili kutoka kitandani. Ningeweza kufungua kinywa.

Sitakudanganya kuhusu wiki zilizofuata. Siku zetu tulizihesabu kwa bandeji, moja kila baada ya siku mbili. Siku ya bandeji Kabula alikuwa hali asubuhi, kwa sababu alijua. Kitoroli cha Sista Leah kilikuwa na gurudumu moja linalolia, na watoto wote wa wodi walianza kulia kulisikia likiwa bado mwisho wa korido. Wengi walikuwa wameungua kwa uji na maharage, wachache kwa mafuta ya taa. Wa mshumaa alikuwa Kabula peke yake. Alikonda, mashavu yakaingia ndani. Kidevu kilianza kushuka kidogo kidogo kuelekea begani, kwa sababu kidonda kikipona chenyewe kinajivuta. Daktari alisema wazi kwamba ngozi ile isipobadilishwa, shingo itafungwa hivyo, atakua akitazama chini maisha yake yote.

Kwenye benchi nilizoea kukaa na bibi mmoja aliyetoka Chato, mjukuu wake alitumbukiza mguu kwenye sufuria ya uji. Bibi yule alikuwa na ulimi wa moja kwa moja. Siku aliyoletewa dagaa kutoka kwao alinimegea na ugali, akanilisha kwa mkono wake kwa kuwa yangu ilikuwa imefungwa.

"Shikamoo, Bibi. Wabeja sana," nikamshukuru kwa Kisukuma.

"Marahaba. Kula." Akatengeneza tonge jingine. "Mjukuu wangu alipoungua mimi nilikuwa nasinzia. Sufuria iko chini, mimi nasinzia. Nimewaambia wote hapa, hata mkwe wangu nimemwambia. Amenitukana, yamekwisha. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilitoka kidogo, Bibi. Kwenye simu."

"Na mtoto akabaki na mshumaa."

"Ndiyo."

Hakuuliza zaidi. Akaniwekea tonge mdomoni kama unavyomlisha mtoto asiyetaka.

Siku ya upasuaji mvua zilikuwa zinaelekea kwisha. Walichukua ngozi pajani wakaipandikiza shingoni. Mimi na mke wangu tulikaa nje ya mlango, yeye akisali, mimi nikishindwa hata kusali, maana ningeanzia wapi? Walipomtoa alikuwa bado na nusukaputi, midomo imekauka. Mama yake alimlowesha midomo kwa pamba. Kabula akafungua macho nusu, akanitafuta, akasema kwa sauti nyembamba, "Baba. Umezimika?"

Mama yake akadhani anaota. "Nini kimezimika, mwanangu?"

"Mshumaa," akasema. "Niliulinda."

Akalala tena. Mke wangu aligeuza shingo polepole akanitazama.

"Anasema nini huyu?"

Nilimwomba tutoke nje. Kwenye korido, watu wakipita na vyombo vya chai, nilimwambia yote. Nilimwambia mimi ndiye niliyeuweka juu ya plastiki karibu na chandarua. Mimi ndiye niliyemwambia aulinde usizimike, kama tuko duarani, nikaenda kusikiliza habari za mwamba. Hakuchezea kitu. Alifanya kazi niliyompa, akaifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilimwambia pia kwamba nilimsikia akimgombeza mtoto nikanyamaza.

Nilitarajia makofi. Mke wangu hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisimama akiwa ameshika ile pamba yenye maji mpaka ikakauka mkononi. Kisha akaingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda, na nikamsikia akisema, "Ng'wana wane, mwanangu, nisamehe mama yako. Nilikusema bure." Mtoto alikuwa amelala hasikii. Alirudia tena jioni alipoamka, na kesho yake pia.

Mimi hakunisemesha ila kwa kazi. Sisemi kwamba alininyima kitu. Chakula alinipakulia, mikono yangu alinioshea. Lakini jina langu alilifungia. Tangu siku ile hakuniita Baba Kabula. Aliniita "wewe". Wewe, leta beseni. Wewe, daktari anakuita. Kwetu mtu akishazaa jina lake ni la mtoto wake, na mimi nilikuwa nimevuliwa la kwangu, tena kwa haki. Ndugu zake walipokuja kutusalimia walisikia lile "wewe", wakatazama sakafu.

Kulikuwa na jambo moja nililoweza kurekebisha, nikalifuata. Nilimwendea Sista Leah nikamwambia faili la Kabula lina uongo, na uongo huo ni wangu, naomba aufute.

"Faili halifutwi, baba," akasema. "Linaongezwa."

Akafungua kalamu. Nikamwomba tusiandikie pale mezani, tukaandikie kitandani, Kabula asikie. Akanitazama kidogo, akakubali. Nikasimama mbele ya mwanangu nikasema neno moja moja ili Sista aandike. Mtoto hakuwa anachezea. Baba aliondoka akamwacha na mshumaa. Baba alimwagiza aukinge na upepo. Kosa ni la baba.

Kabula alisikiliza yote, kidevu kikiwa kwenye mto. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sikukosea kuulinda?"

"Hukukosea. Mimi nilikupa kazi ambayo haifai kupewa mtu nyumbani."

"Lakini ukizimika hewa imekwisha."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa lenyewe. Kumbe aliamini. Mchezo wangu wa chini ya meza ulimwingia kama sheria. Mwanangu hakukaa na ule mshumaa kwa utii tu. Alikaa akidhani ukizimika atakosa pumzi. Nilitoka nje nikalia kama mtoto, mbele ya wagonjwa wa nje, wala sikujificha.

Tuliruhusiwa wakati wa pamba. Barabarani tulipishana na maroli yaliyojazwa marobota mpaka juu, na Kabula alishindwa kuyaona vilele kwa sababu shingo ilikuwa bado haiinuki. Kiangazi chote kilikuwa cha mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituonyesha namna ya kumpaka kovu mafuta na kulisugua, kisha mtoto anainua kidevu mpaka aone uchungu, anahesabu kumi, anashusha. Nilichora alama za chaki ukutani. Ya kwanza aliyoiona bila kujipinda ilikuwa chini ya dirisha. Mwezi wa saba aliliona dirisha. Siku nyingine alinuna akakataa, akatupa chupa ya mafuta, na sikumlaumu. Watoto wenzake walimwita jina baya la kovu lake. Siku hizo nilijisikia nimeungua upya.

Mikono yangu ilipona, ngozi ikawa laini na ya kung'aa, inavutika nikikunja ngumi. Tindo siwezi kuishika kwa muda mrefu. Sikurudi Mwakitolyo. Sasa nasaidiana na mke wangu kwenye mchele, nafunga magunia, na yule mwenzangu wa simu nimemwambia mwamba waendelee nao.

Unataka kujua tunaishije na giza? Tuna taa ya sola, lakini sola nayo mvua za siku tatu zinaishinda, kwa hiyo mishumaa bado ipo ndani. Inakaa kabatini juu na kiberiti chake. Mshumaa unasimama katikati ya meza, ndani ya sahani ya bati yenye mchanga, mbali na pazia, mbali na kitanda, na sweta za nailoni zinavuliwa. Mlango unafungwa. Mtu mzima akiinuka kutoka chumbani, anaupuliza kwanza, hata kama anakwenda chooni tu. Kama ni simu, simu itasubiri. Hakuna mtoto anayelinda kitu.

Mvua zilirudi mwezi wa kumi na moja. Jioni moja umeme ukakatika tukiwa tunakula, na taa ya sola ikawa imekufa tangu asubuhi. Nilimtazama Kabula. Ulikuwa mshumaa wa kwanza ndani ya nyumba ile tangu siku ile. Nikamuuliza kama niwashe au tukae gizani. Akasema, "Washa." Tukamaliza kula, sote watatu tukiuangalia ule moto kwenye sahani.

Kisha tukamsikia Mama Neema akituita kutoka nje, maji yanaingia stoo ya mchele. Mke wangu akainuka, nami nikainuka. Nikainama nipulize.

"Niachie mimi," Kabula akasema.

Akasimama juu ya kiti. Akainua kidevu, ile ngozi ya shingo ikavutika mpaka ikawa nyeupe, akauelekeza uso kwenye moto kwa mbali, akapuliza. Ukazimika. Tulibaki gizani, tukisikia mvua tu.

"Umezimika, Baba," akasema. "Tupande juu?"

"Hapana, mwanangu. Vuta pumzi uone."

Akavuta. Nilimsikia akivuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaiachia. Akavuta nyingine.

"Ipo," akasema.

Kisha nikasikia sauti ya mke wangu kutoka mlangoni, haikuwa kali wala laini, sauti yake ya kila siku. "Baba Kabula, mshike mtoto mkono, twende wote."